Mazishi ya Jemadari

Maiti ilifungua jicho moja, ikahesabu watu. Tisa. Ikahesabu tena, ikapata wanane, kwa sababu mmoja alikuwa ameshaondoka. Mvua ilipokatika wakaondoka wengine wawili. Kumbe walikuja kujikinga chini ya turubai.

Hivyo ndivyo lilivyokwisha igizo la mwaka ule, la kukumbuka siku jemadari wa zamani alipozikwa baada ya kuwazuia maadui wasiingie mjini. Mzee aliyeigiza maiti alishuka kwenye machela, akakung'uta shuka, akamfuata afisa utamaduni.

"Tangazo mlilibandika wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Na mlango unashinda wazi! Nani atalisoma, mjusi?"

Afisa akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee wangu, nikuambie ukweli. Mwakani wasipofika watu mia mbili, igizo tunalifuta. Uwanja unatakiwa kwa maegesho ya magari."

Mzee alirudi nyumbani, shuka begani. Tangu astaafu hakuwa na kitu kingine. Miaka thelathini na moja alikuwa nyapara wa kiwanda cha nguo, na jina la Jemadari alipewa na wafanyakazi wa kule kule, kabla igizo halijaanzishwa. Kamati ilipotafuta mtu wa kuigiza jemadari, aliwaambia wasihangaike, wanaye. Mji mzima haukumwita kwa jina lingine. Akipita mtaani watu walinyamaza. Wanawake waliowahi kushona chini yake walivuka barabara wakampisha. Heshima ya namna hiyo, alisema, vijana wa leo hawaijui.

Sasa watu kama hao wangeacha vipi kuja kumtazama? Ni tangazo tu.

"Labda si tangazo, Baba," alisema binti yake, akiipiga pasi ile shuka.

"Ni nini basi?"

Binti akachovya vidole kwenye maji, akanyunyiza. "Hapa pamejikunja," alisema.

Mwaka uliofuata mzee aliishika kazi mwenyewe. Karatasi ya kamati ilikuwa na mistari kumi na minne. Akakata salamu, akakata majina ya wajumbe, akakata mwaka wa vita na historia yote.

"Maneno mengi yanafukuza watu," alimwambia mkwewe, dereva wa gari la matangazo, ambaye siku zote alitangaza dawa ya panya.

Yakabaki haya: Mazishi ya Jemadari. Jumamosi saa nne asubuhi. Uwanja wa shule. Wote mnakaribishwa.

Mkwe hakuwa mwenyeji wa mji ule, alifuata mke tu, lakini kazi aliifanya kwa moyo. Ijumaa jioni alirudi sauti imemkauka.

"Baba, safari hii watajaa. Pale sokoni mama mmoja kalisimamisha gari. Kaniuliza, Jemadari yupi, yule wa kiwandani? Nikamwambia ndiye huyo huyo. Kaniomba nirudie."

"Ukarudia?"

"Mara tatu. Halafu akakimbia kuwaita wenzake nao wasikie."

Mzee alijifuta jicho kwa kiganja. "Eti chema chajiuza. Waongo hao. Lazima kitangazwe!"

Jumamosi hapakuwa na vita. Askari wa kuigiza walishakata tamaa miaka mingi nyuma, wakaacha mmoja mmoja, ikabaki sehemu ya mazishi tu: wabebaji sita, mpiga tarumbeta, na maiti. Walimbeba kutoka getini, shuka imemfunika mpaka utosini. Ilikuwa shuka nyepesi. Kupitia kwayo aliona rangi zikipita, nyekundu, njano, kijani.

"Wamefika?" alinong'ona.

"Nyamaza, Baba. Wamejaa mpaka ukutani." Mkwe alikuwa amebeba upande wa kichwani. "Na walivyopendeza! Utadhani wanakwenda harusini."

Machela ikawekwa katikati ya uwanja. Tarumbeta ikalia, ikanyamaza. Hapakuwa na mtu aliyekohoa. Miaka ishirini na miwili mzee aliwaomba watazamaji utulivu wa namna ile, na leo wameuleta wenyewe.

Kisha watu wakaanza kupanga foleni. Hawakuambiwa na mtu. Alisikia nyayo zikija, zikisimama kando yake, zikienda, na nyingine zikija. Afisa utamaduni alipita akihesabu kwa sauti ya chini, "mia tatu na tisini na nane, mia tatu na tisini na tisa, mia nne," na nyuma yake foleni ilikuwa bado inaingia getini.

Igizo limepona. Machozi yalimlenga, akayazuia. Maiti hailii.

Akajilaza vizuri kuliko siku zote. Kifua hakikupanda wala kushuka. Wangekwenda kusimulia makwao kwamba hawajaona mtu anayejua kufa kama yule.

Hapo mkono ukaifunua shuka usoni. Jambo hilo halikuwemo kwenye igizo, lakini hakukasirika. Watu wakikipenda kitu hutaka kukigusa. Aliyafumba macho kwa utulivu, akaibana pumzi. Kidole kikavu cha mwanamke mtu mzima kikawekwa chini ya pua yake, kikasubiri. Kikasubiri sana. Mzee naye akasubiri, mapafu yakimuungua, moyo wake umejaa fahari.

Kidole kikaondoka.

"Hamna pumzi," mwanamke aliwaambia waliokuwa nyuma yake. "Jamani, ni kweli!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.