Sauti Iliyobaki ya Mwende

Zama hizo mwimbaji akifa, mwili huzikwa lakini sauti hurudi nyumbani ndani ya kisanduku, jamaa waifundishe kuimba upya. Mwende, aliyeimba Kikamba huku mwenzake Kavata akiimba Kiswahili kwenye midundo ya mitambo, alirudi hivyo.

“Mwaitu, umeamkaje?” mama yake, Syombua, akakisalimu kisanduku. Mwende alipewa jina la bibi yake, basi tangu uchanga mama yake alimwita mwaitu, yaani mama.

Sauti ikacheka, kicheko chake hasa. “Mwaitu si wewe? Mimi mwanao.”

Kavata akanong’ona, “Mama Mwende, ieleze basi kwa nini ulimwita Mwende hivyo. Ikijua, tutarudi jukwaani.”

Syombua akafuta machozi kwa leso.

“Kweli, mwanangu, nimekosea,” akakijibu kisanduku, na neno lile, alilomwachia Mwende aliyezikwa, hakulitamka tena mbele ya kisanduku.