Kisanduku cha Salamu

Mfumo wa kompyuta uliounganisha biashara za mji ule ulikuwa ukikwama kila asubuhi, na Sikudhani, aliyeutengeneza, akaenda kwa Mzee Kitwana mwoka mikate kutafuta sababu. Alimkuta anaagiza unga kwa simu kutoka kinu cha Bi Zamda. Mahali pa kujaza idadi ya magunia alikuwa akiandika, kwa kidole kimoja: "Bi Zamda, umeamkaje? Mguu unaendeleaje?"

"Mzee, hapo panataka namba tu. Ndiyo maana oda zako zinakataliwa na mfumo unakwama."

"Sasa mwanangu, nimwombe mtu unga kabla sijamjulia hali? Mbona hata yeye hunijibu hapo hapo?"

Sikudhani alikuwa amekuja kumfundisha. Badala yake alivuta kiti, akafungua kompyuta yake na kuongeza kisanduku kipya, cha kujazwa na pande zote mbili, anayeagiza na anayejibu. Akakiita Salamu.

Mzee aliandika salamu zake kwa raha, akajaza magunia, akatuma. Jibu kutoka kinuni halikuchelewa. Oda imepokelewa, mzigo unakuja.

"Umeona? Imekubali!" Sikudhani alisema.

Mzee hakucheka. Kisanduku cha salamu kilikuwa kimerudi kitupu.

"Huyu aliyejibu si Bi Zamda."

"Labda hajakiona, Mzee. Ni kipya."

"Zamda? Salamu huandika hata pasipotakiwa."

Alivua aproni, akafunga mkate wa moto kwenye kitambaa, akatoka kuelekea kinuni bila kunawa mikono. Kwenye kitasa cha mlango aliacha alama nyeupe za vidole.