Gari la Shimo la Kumi na Nane

Tangu asubuhi gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya shimo la kumi na nane, pua yake ikitazama getini. Katibu wa klabu alikwishapita mara mbili kumwambia Dereva aligeuze liwatazame wachezaji, lionekane vizuri kwenye televisheni. Mara zote mbili Dereva aliitikia ndiyo, mzee. Gari halikugeuka.

Ilikuwa siku ya nne na ya mwisho ya mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa. Watu wazima mia kadhaa walikuwa wamenyamaza kwa heshima ya kimpira kisichofikia hata yai la kuku. Ng'ambo ya kidimbwi, kwenye shimo la kumi na sita, mwanamume mwenye suruali ya rangi ya ndimu alipiga magoti, akachungulia majani kama aliyepoteza hereni, akainuka, akazunguka, akapiga magoti tena upande wa pili. Mpira ukakosa shimo kwa unene wa kidole. Umati ukaguna utadhani kuna aliyefiwa.

Huyo wa ndimu ndiye aliyekuwa akiongoza, kwa mikwaju mitatu, na yalibaki mashimo mawili tu. Chini ya hema Mwenyekiti wa klabu alikuwa akijizoeza kukabidhi kombe. Alilishika hivi, akalishika vile, mpiga picha akimwomba avute tumbo ndani.

Saa kumi na robo kamili Dereva aliangalia saa yake, akaweka simu sikioni, akatikisa kichwa, kisha akashuka kumfuata Katibu. Alimweleza polepole, kama mtu anayesoma risala. Kuna mama mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magunia, kifua kimembana, hawezi kumaliza neno bila kukata pumzi. Hospitali haina gari lingine ila hili.

Katibu hakuondoa macho kwenye ubao wa matokeo. Alisema kanuni iko wazi, gari la wagonjwa likitoka uwanjani mwamuzi anasimamisha mchezo. Wamalize mashimo yao mawili, wasaini kadi, kombe litolewe, halafu Dereva aende hata mwezini akitaka. Wakubwa wa hospitali na wakubwa wa klabu walishaelewana juu ya chai, na watu wakishaelewana juu ya chai, mgonjwa ni nani?

"Mzee wangu, hili gari limekodiwa," akasema.

"Mgonjwa hajakodiwa."

"Mwambie avumilie kidogo. Kwani kifua kimeanza leo?"

"Hapana," Dereva akasema. "Hakikuanza leo."

"Sasa? Na ni nani huyo wa kutuharibia siku?"

"Mke wa mtu."

Katibu akacheka, akasema wote ni wake za watu, akageuka kuuangalia ubao wake. Ndivyo walivyo. Ukiwaomba wanakupa mgongo, ukinyamaza wanakunyooshea kidole.

Dereva akarudi garini. Muuguzi, dada aliyekuwa akifanya naye kazi mwaka wa sita huu, alimtazama usoni mara moja tu, akafunga mkanda. Gari likatoka getini king'ora kikilia, na mpira wa mtu ukaenda kichakani kwa mshtuko.

Mwamuzi, mtu mkavu aliyeletwa kutoka mbali pamoja na kitabu chake cha kanuni, akapuliza honi. Wachezaji wakasimama pale pale walipo, fimbo mkononi, kama kuku walionyeshewa. Katibu akapiga simu hospitali, akajibiwa kwamba gari liko gofu. Akawapigia polisi, wakamwuliza nani kaumia. Mwenyekiti akatoa wazo kwamba dobi wa klabu avalishwe koti jeupe na gari la mikate lisogezwe karibu na shimo. Hata mwamuzi akainamisha uso.

Jua likashuka, gari halijarudi. Kitabu kikafunguliwa. Raundi isiyokwisha haihesabiwi, kwa hiyo matokeo ya jana ndiyo matokeo. Na aliyeongoza jana alikuwa mchezaji mwingine, aliyecheza leo sambamba na mtu wa ndimu, akawa ametia mipira mitano kidimbwini na kumpa mwenzake mkono wa hongera mapema, yaishe. Wakamkabidhi kombe akiwa na tope magotini, akiuliza mara mbili kama wana hakika. Mtu wa ndimu akaitupa fimbo yake majini. Mwenyekiti akavuta tumbo, picha ikapigwa.

Hayo yote Dereva hakuyaona. Alikuwa amevuka taa nyekundu mbili, magari yakimpisha hadi kwenye mitaro, akakata kona ya kiwanda cha magunia bila kukanyaga breki, akasimama mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu. Muuguzi akazima king'ora. Hakushuka, wala hakugusa mtungi wa oksijeni. Alitazama mbele, mikono mapajani.

Dereva akapiga hodi, akangoja kidogo kwa adabu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni mwake, akafungua mwenyewe, kama alivyofungua kila siku tangu mashindano ya mwaka jana, siku gari lilipongojeshwa hadi kombe litolewe.

"Dakika kumi na moja tu, mke wangu," akakiambia kitanda kitupu.