Mwenyekiti wa Fleti za Mikoroshini

Tangu wenyeviti wa fleti tupandikizwe kipokezi sikioni, wakazi hawagongi mlango tena. Mtu akilalamika chumbani mwake, mimi nasikia, na sheria inataka nimjibu papo hapo.

Jana Tausi, mke wangu, aliniuliza kama mchuzi umekolea chumvi. Wakati huohuo Mzee Chilongola wa ghorofa ya tatu alikuwa akimlalamikia jogoo wa jirani yake, anayefugwa bafuni.

“Limepokelewa, linashughulikiwa,” nikasema.

Tausi akaweka upawa chini. “Sefu, umenijibu mimi au umemjibu nani?”

“Lifti tutaitazama kesho,” nikasema, nikimjibu mama wa ghorofa ya tano.

Akaingia chumbani, akajifungia. Punde sauti yake ikanijia sikioni: mkazi wa nyumba namba nane, yaani nyumba yetu, hana mtu wa kuzungumza naye.

Asubuhi kamati ya fleti ikakaa kuamua lalamiko hilo. Uamuzi wake haukatiwi rufaa. Katibu akausoma: mwenyekiti anachapa kazi vizuri mno, aendelee, mkazi wa namba nane atafutiwe mume mwingine.

Nikafungua mdomo nipinge. Palepale Mzee Chilongola akaanza tena na yule jogoo wa jirani, na ikabidi nimjibu kwanza.