Kassam Amefutwa Tena

Walikuwa wamemfuta Kassam tena.

Sugra ndiye aliyeona kwanza. Aliifunika simu kwa ncha ya mtandio, akaendelea kupeta uwele kana kwamba hakuna kitu. Lakini Bi Jetun alimjua mkwewe kwa namna anavyoshusha macho. Akamwambia auweke ungo chini, asome.

Ukurasa ule wa mtandaoni ulikuwa historia ya Kikosi cha Mwewe, na yeyote aliyetaka aliweza kuandika au kufuta humo. Ulikuwa mrefu. Ulitaja makamanda na nishani zao, na mapigano ya Kisima cha Bhadli wakati wa vita ya jangwani kati ya nchi mbili jirani. Bi Jetun alitaka sentensi moja tu iwemo: kwamba siku ile, pale kisimani, mpishi Kassam aliwanywesha maji wenye kiu na kuwamegea mkate wake mwenyewe.

Alikuwa amemwahidi mumewe. Marehemu Ladu Khan alimshika mkono kitandani, akamwomba jina lile lisipotee. Alikuwapo kisimani siku ile. Isingekuwa Kassam, alizoea kusema, wewe Jetun ungevunja bangili zako za ndoa kama wajane, hina haijafutika mikononi.

Kwa hiyo Sugra, aliyekuwa akifundisha Kiingereza shule ya wasichana ya mji wa Jhunjhunu, aliiandika sentensi ile. Na kila alipoiandika, mtu aliyejiita Simba wa Mchanga aliifuta.

"Leo kasemaje?" Bi Jetun aliuliza.

"Mama, tuyaache."

"Soma, mwanangu."

Sugra akasoma. Simba wa Mchanga alisema kazi ya mpishi ni kupika. Kama kila aliyechota maji ataingia kwenye historia, basi waandikwe na waliofagia vyoo. Mwenzake alimwitikia kwamba ukurasa umeanza kunuka vitunguu. Kisha wakarudi kwenye ugomvi wao wenyewe, wa idadi ya maiti. Huyu anaongeza, yule anaongeza zaidi, na chini ya picha ya miili iliyolala mchangani mtu ameweka nyuso ndogo zinazocheka.

Bi Jetun aliinuka, akatema mate nje ya kizingiti, akachota maji kwenye mtungi akasukutua. Alijisikia kama mtu aliyeonjeshwa maziwa yaliyooza.

"Hawa wana mama zao kweli?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

"Wanao. Ndio wanaowapelekea chai hapo walipoketi wanaandika."

Sugra alitaka kujibu mapigo. Alikuwa amekwisha kumtungia yule Simba tusi moja zuri, akalisema kwa sauti ili mama mkwe alisikie, na Bi Jetun akaficha mdomo kwa mtandio asionekane anacheka. Lakini alikataa. Andika ileile, alisema, polepole, bila kosa la herufi. Sugra akaiandika. Uji wa uwele haujachemka, Kassam akawa ameshafutwa.

Hata hivyo mmoja wao alikuwa na adabu. Meja Gulsher, mstaafu, ambaye baba yake aliwahi kutumikia Kikosi cha Mwewe, mara nyingi aliirudisha ile sentensi yeye mwenyewe na kuwaambia wenzake waone haya. Safari moja aliandika kuuliza tu kama goti la mama limepata nafuu, kwa kuwa Sugra aliwahi kulitaja. Bi Jetun hakuyasahau hayo. Alimwombea kila aliposwali. Ila kila Meja alipouliza habari za Ladu Khan, ambaye Sugra alikuwa amemtaja kuwa ndiye aliyesimulia, alimkataza Sugra kujibu. Kwanza amtafute Kassam, alisema. Atuambie kama yu hai, kama ana watoto. Mpaka tulijue hilo, sisi tunataja maji na mkate, basi.

Ijumaa jibu likaja. Meja alikuwa amepanda basi hadi kijijini kwa Kassam na kukuta kaburi lisilo na jina. Kassam hakuoa, hakuacha mtoto wala ndugu. Vita ilipokwisha alifukuzwa jeshini, akawa anauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara hadi alipokufa. Sababu ya kufukuzwa hakuna aliyeikumbuka.

Bi Jetun alimrehemu, akafuta macho. Kisha akamwambia Sugra amwonyeshe zile nishani za ukurasani. Akazitazama zilivyopangwa safu kwa safu, zinang'aa, na mpishi kafa kando ya barabara. Akaenda mtunginí akasukutua tena.

Meja alikuwa ameongeza ombi. Wale wafutaji walitaka shahidi. "Mama yangu," aliandika, "nieleze marehemu alikuwa kombania gani ya kikosi. Nimepekua majina yote ya kikosi, Ladu Khan simwoni. Nikimpata tu, sentensi yako nitailinda mwenyewe, haitaguswa."

Sugra alishika simu bila kuandika. "Wakijua, Mama, watamfuta Kassam moja kwa moja. Watamtukana hata kaburini."

"Na sasa wanamfanyaje?" Bi Jetun alivuta mkeka, akaketi karibu naye. "Zamani niliogopa wangemdhuru. Sasa hawamfikii. Mwandikie Meja, na salamu zangu umfikishie, maana ni mtoto aliyelelewa."

"Niandike nini?"

"Mwandikie Ladu Khan hakuwa na kombania kwao. Alikuwa askari wa upande wetu wa mpaka, mateka wao, mikono imefungwa nyuma. Ilibidi Kassam amshikie kikombe mdomoni."