Kamusi ya Naliaka

Asubuhi ya kwanza ya majaribio, programu mpya ilimwandikia Mama Soipan wa Bisil kwamba inasikitika, duka haliuzi sofa. Mama Soipan alikuwa amesalimia tu. Sopa, aliandika kwa Kimaasai, kama anavyomsalimia kila mtu tangu ajue kusema.

Naliaka alicheka mpaka akashika kaunta. Kwa miaka tisa ndiye aliyepokea oda katika yadi ya Githongo pale Kitengela, mawe, kokoto, simiti na mabati, na sasa alikuwa amepewa mwezi mmoja aseme kama akili bandia iliyotiwa kwenye programu yao ya biashara inafaa au ni kelele. Ilikisia mauzo na kuandika barua pia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusoma ujumbe wa wateja. Kila ujumbe ulioingia kwenye laini ya ofisi, programu iliusoma, ikaandika chini yake kwa kijani maana yake na la kufanya. Kisha iliuliza kwa adabu zote: Nimeelewa vizuri? Ukibonyeza La, ilikuachia nafasi uielimishe.

"Ipime bila huruma," Githongo alimwambia. "Ikifaa, naiweka pia kwa branch mpya ya Kajiado. Na huko nataka meneja ako na akili. Si unajua ni nani?"

Naliaka alijua. Kufikia Jumapili, akina mama wa kanisa lake la Noonkopir walikuwa wameshakiombea cheo hicho, tena kwa kukitaja jina na mji, Mungu asije akampa mtu wa Narok kwa bahati mbaya. Alikitaka mno. Alikitaka hadi akaacha kuona aibu kukitaka.

Basi akaipima. Jumanne, mkandarasi mmoja anayeitwa Morgan aliandika: Niko kwa gate. Programu ikasema: Mteja amefika. Pakia. Wapakiaji wakajaza lori zima la kokoto, kisha wakakaa juu yake wakila mahindi ya kuchoma. Morgan alitokea Alhamisi.

Naliaka akabonyeza La. "Niko kwa gate," akaandika, maana yake bado hajaoga. "Niko njiani," anatafuta viatu.

Utamu ukamwingia. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini, na sasa alikuwa amepata mwanafunzi asiyepiga miayo. Akaimwagia kamusi yote. "Boss wangu" ni mtu anataka kupunguziwa. "Naangalia tu" ameshaamua kuchukua, mkimbilie. "Usijali" ndio wakati wa kuanza kujali. "Nitakuambia" amekataa. Na akikwambia "wewe ni mtu wetu, hatuna mwingine", ujue ameshapata mwingine, shusha mzigo.

Sydney, aliyewauzia programu yenyewe, alipita siku moja kuona maendeleo. Akaisoma orodha mara mbili.

"Madam, hii ni lugha ama ni uchawi?"

"Ni wateja," Naliaka akamwambia.

Wiki ya pili Githongo alimleta Nduta, binti wa dada yake, aliyekuwa amemaliza chuo na kurudi nyumbani kupumzika. Alikaa kando ya meza na daftari, akiandika kila anachoelezwa.

"Usisumbuke na mimi, auntie," alisema. "Naangalia tu."

Naliaka akamsogezea kiti na kumwagizia chai.

Kufikia wiki ya tatu, programu ilikuwa imeiva. Asubuhi moja Githongo mwenyewe aliandika kwenye laini ya ofisi: Niko hapa tu Namanga Road, naingia. Chini yake pakatokea kwa kijani: Bado yuko nyumbani. Naliaka akampigia. Githongo alipokea akitafuna, na jogoo wake akawika katikati ya salamu. Naliaka akabonyeza Ndiyo na kumpa Nduta simu asikilize, na wote wawili wakacheka.

Ripoti aliiandika Ijumaa asubuhi, peke yake, kwa kuwa Nduta hakuwa ameonekana tangu Jumatano. Angeweza kuiponda ile mashine, na kuna siku za mwanzo alizopanga kufanya hivyo, lakini alikuwa ameshaipenda. Akasema ukweli. Kukisia mauzo: takataka, shule moja ya Kimuka ilinunua mabati mara moja, programu ikataka tuagize ya kuezeka kaunti nzima. Kuandika barua: inaandika kama chifu mstaafu. Kusoma ujumbe wa wateja: haikosei. Siku kumi na mbili hatujapakia lori bure. Nunua hiyo moja, nyingine wabaki nazo.

Akaituma. Kisha akampigia Dinah, binamu yake anayeishi Kajiado, amtafutie nyumba ya vyumba viwili, yenye maji yasiyokuja kwa punda.

Saa nane mchana Githongo alijibu kwenye laini ya ofisi. Naliaka alisoma akiwa amesimama.

Ripoti safi sana Naliaka. Mambo ya Kajiado usijali. Wewe ni mtu wetu, hatuna mwingine. Nitakuambia.

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Akautuma ujumbe huo, neno kwa neno, kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, na chini yake akaandika: Bwana ametenda. Amina ya kwanza iliingia kabla hajaweka simu mezani. Akarudi kwenye kompyuta ausome tena ujumbe kwa herufi kubwa, aone raha yake.

Chini yake palikuwa na maandishi ya kijani.

Ameshapata mwingine. Shusha mzigo. Nimeelewa vizuri?