Ua la Marehemu

Mwuza miche aliung'oa mmea kwenye chungu chake na kuipindua mizizi. Ilikuwa myeusi, imelainika na inanuka uvundo.

"Huu haujafa kiu, mama. Maji yamezidi. Nani anaumwagilia?"

Fundi cherehani, mjane aliyeuleta mmea huo, aliigusa mizizi kwa vidole. Majani yalipoanza kuwa manjano, lawama zote alimtupia mke wa mwanawe, kwamba ameliacha makusudi ua la marehemu baba mkwe wake likauke. Binti wa watu alimjibu kwa upole tu, "Mama, maji yanatosha." Naye kwa hasira akawa anaongeza kikombe kila asubuhi, hadi binti akachoka na maneno, akahama na mumewe.

"Tuikate iliyooza, tubadili udongo," mwuza miche alisema. "Huenda ukachipua."

Fundi alitoka nje na kupiga simu, vidole vyake vikiwa bado na tope.

"Shikamoo, mama," sauti ya binti ikaitika, yenye adabu ileile.

Maneno yote aliyoyapanga akayaacha.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.